Kutoka Biharamulo hadi Ngara: Vijana wetu, pikipiki na kiwanja cha kukimbilia

Tuliondoka Biharamulo siku ya Jumamosi, mara tu baada ya swala ya Alfajiri, tukiwa watu wanne juu ya pikipiki mbili. Hatukupanda mishikaki: kila pikipiki ilikuwa na dereva na abiria mmoja, na kila kichwa kilikuwa na kofia ngumu iliyofungwa mkanda chini ya kidevu. Ukungu ulikuwa bado haujaliachia Boma la Wajerumani, ngome ya kale inayowakumbusha watu wa mji huu kwamba wenye nguvu huja na huondoka, na ardhi hubaki kuwa ya Mwenyezi Mungu.

Sisi tuliopewa dhamana ya ukatibu wa kamati ya msikiti tulikaa nyuma ya kijana ambaye wiki chache kabla ya hapo hakuwa akitusalimia. Alikuwa na sababu, nasi tutaieleza, kwa kuwa safari hii haina maana bila ya sababu hiyo.

Vijana kadhaa wa msikiti wetu, wote madereva wa bodaboda, walileta barua kwenye kamati. Waliomba wasaidiwe kupata kipande cha ardhi, nje ya mji, ambapo wangeweza kushindana kwa pikipiki siku za mapumziko kwa utaratibu unaoeleweka. Walikiri kwa maandishi yao wenyewe kwamba usiku walikuwa wakikimbizana kwenye lami, na kwamba walikuwa wakiogopa. Barua ile tuliipokea kwa mikono yetu. Katika kikao tukaiweka chini ya ajenda ya “Mengineyo”, na muda ulipokwisha tukaandika neno moja kwenye kumbukumbu: limeahirishwa. Baadhi yetu tulitabasamu. Tuliona ni mambo ya kitoto, hali tulikuwa na paa la madrasa la kushughulikia.

Kabla ya kikao kilichofuata, mmoja wa waliotia saini barua ile alifariki usiku katika barabara ya kwenda Lusahunga. Alikuwa akikimbizana na mwenzake, akakutana na lori lililoharibika na kusimama bila taa. Kofia yake ilikutwa ikining’inia kwenye usukani. Tulimwosha, tukamkafini, tukamswalia. Baada ya maziko mama yake hakutulaumu kwa neno lolote. Aliuliza tu kama ni kweli mwanawe alikuwa ameandika barua. Tukasema ni kweli. Akanyamaza. Ndipo tulipoifungua barua ile kwa mara ya pili na kuisoma kama ilivyostahili kusomwa mara ya kwanza.

Wenzake marehemu walitueleza kwamba upande wa Ngara yupo mzee mmoja, fundi wa malori aliyestaafu, anayewafunza vijana kukimbiza pikipiki kwenye kiwanja cha udongo, na kwamba tangu aanze hajawahi kupeleka mtu hospitali kwa zaidi ya michubuko. Kamati ikatutuma tukaone.

Kutoka Biharamulo barabara inashuka kusini hadi Lusahunga, kisha inapinda magharibi kuielekea Rusumo, mwendo wa takriban kilomita 90 kutoka njia panda hiyo. Hii ndiyo njia ya malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo. Hupita usiku na mchana, yakiwa na shehena za mafuta, saruji na ngano, na kila linapopita upepo wake huisukuma pikipiki kana kwamba mtu ameisukuma kwa bega. Pale kijana alipotuonesha mahali mwenzake alipoangukia, tulisimama, tukamwombea, tukaendelea. Kwenye lami palikuwa na doa la mafuta tu, na vipande vidogo vya kioo kando ya majani.

Tulipita Nyakahura, nchi ikafunguka kwa misitu na nyika. Wazee wetu wanakumbuka miaka ambayo magari hayakuthubutu kuupita msitu huu bila ya kusindikizwa na askari wenye silaha, kwa hofu ya majambazi. Leo, alhamdulillah, tunapita kwa amani, na sehemu ya mapori hayo imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato tangu mwaka 2019. Tulitafakari jambo hili njia nzima. Hofu ya bunduki imeondoka katika barabara hii, na nafasi yake imechukuliwa na mwendo kasi wa watoto wetu wenyewe.

Tulifika Benaco jua likiwa limepanda. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya muda wa siku moja hivi wakikimbia nchi yao, wakapiga kambi kwenye vilima hivi. Vijana tuliokuwa nao hawakuwa wamezaliwa. Tuliwasimulia tukinywa chai ya rangi na chapati, nao wakasikiliza kwa adabu. Mmoja akauliza: “Ustadhi, wote hao walikuwa wakitembea kwa miguu?” Tukamjibu kwamba wengi wao ndivyo. Akaitazama pikipiki yake kwa muda mrefu bila kusema kitu.

Kutoka Benaco tuliiacha njia ya Rusumo tukapanda vilima kuelekea Ngara, nchi ya Wahangaza na Washubi, yenye migomba kwenye miteremko na hewa inayosafisha kifua. Mzee alitupokea kwa uji na ndizi. Kisha akatupeleka kiwanjani kwake.

Msomaji asidhani tulikuta jambo kubwa. Ni shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, la udongo mwekundu, lililozungushiwa njia yenye umbo la yai. Kingo zake zimewekewa vijiti vyembamba vya mti, na mzee anakataza kabisa mawe. Kwenye kona amepanga viroba vilivyojazwa pumba za mpunga, ili anayeteleza apokewe na kitu laini. Njia inakwenda upande mmoja tu. Mwenye bendera nyekundu akiinyanyua, kila mtu hufunga mafuta na kusimama. Sanduku la huduma ya kwanza liko juu ya meza chini ya mwembe, na gari la jirani huegeshwa hapo siku ya mazoezi, likiwa na mafuta ya kufika hospitali.

Jambo lililotushangaza zaidi ni kwamba wanaoanza hawashindani bega kwa bega. Huachiwa mmoja mmoja, na saa ya mkononi huhesabu muda wake. Kijana hushindana na muda wake wa wiki iliyopita. Mzee anasema hasira za vijana huzaliwa pale mmoja anapomwona mwenzake ubavuni. Akiwa peke yake na saa, hujifunza. Hata huko Uganda, penye kiwanja maalumu cha motokrosi pale Garuga karibu na Entebbe, na pikipiki zilizoundwa kwa mchezo huo, washindani hugawanywa kwa umri na kwa ukubwa wa injini, na mtoto hawekwi pamoja na mtu mzima.

Tulimuuliza kuhusu gharama, maana ndilo swali ambalo kamati ingetuuliza. Alitujibu kwamba anayetaka kuanza asinunue pikipiki nyingine. Ile ya 125 au 150 anayoijua inamtosha. Siku ya mazoezi huvua vioo, keria na indiketa, akazifunga taa kwa gundi ya karatasi ili kioo kisitapakae. Hukaza spoku, huangalia cheni iwe na mlegeo wa sentimita 2 hadi 3, hupima breki zote mbili, na hupunguza kidogo upepo wa tairi ili ishike udongo. Pesa yote iliyobaki iende mwilini kabla ya kwenda kwenye injini: kofia ngumu isiyo na ufa, glovu, buti zinazofunika kifundo cha mguu, suruali nzito, na kinga za magoti na viwiko. Mtumba unafaa kwa buti na koti. Haufai kwa kofia, kwa kuwa hujui ilianguka mara ngapi kabla ya kukufikia.

Kisha hufunza breki. Madereva wengi, alisema, wanaiogopa breki ya mbele kwa kuwa waliambiwa itawapindua, hali kwenye lami ndiyo yenye kazi kubwa ya kusimamisha pikipiki. Kwenye udongo mwepesi inataka mkono mpole. Tuliwaona vijana wakirudia zoezi hilo moja saa nzima: kuongeza mwendo, kusimama, kurudi. Yule aliyetupakia alirudia mara nyingi kuliko wote. Alipovua kofia macho yake yalikuwa mekundu, nasi hatukumuuliza kama ni vumbi.

Baada ya Adhuhuri tulikaa kivulini kulizungumza jambo lenyewe kwa mizani ya dini. Mchezo wa kushindana kwa vipando si mgeni kwetu. Imepokewa kwa Abdullah ibn Umar (radhi za Allah ziwe juu yake) katika Sahihi Bukhari na Muslim kwamba Mtume (SAW) aliendesha mashindano ya farasi Madina. Waliofunzwa na kukondeshwa kwa ajili ya mbio walikimbia kutoka Al-Hafya hadi Thaniyyatul Wadaa, na wasiofunzwa walikimbia masafa mafupi, kutoka hapo hadi msikiti wa Bani Zurayq. Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana. Tuliisoma hadithi hii chuoni miaka mingi iliyopita kama suala la fiqhi. Siku ile, tukilitazama shamba la mahindi, ndipo tulipoona kwamba masafa mawili yale ni huruma: asiyefunzwa hakupewa mbio za aliyefunzwa.

Lakini dini imeweka mipaka, nayo tuliwaeleza vijana bila kuipunguza. Kwanza ni zawadi. Hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi imeitaja zawadi ya mashindano katika ngamia, farasi na mishale, na wanazuoni wamehitilafiana juu ya vitu vingine. Ama kila mshindani kutoa fedha zake, zikakusanywa akazichukua mshindi, hiyo ni kamari, na klabu ya msikiti haiwezi kuigusa. Michango ya vijana iwe ya pumba, bendera na dawa, na mshindi apate kupeana mikono. Pili ni amana. Wengi wa vijana hawa wanaendesha kwa mkataba, wakipeleka hesabu kwa tajiri kila siku, na pikipiki haijawa mali yao hadi mkataba uishe. Kuikimbiza bila ya idhini ya mwenyewe ni kuichezea mali ya mtu. Tatu ni nafsi. Suratul Baqara, aya ya 195, inatukataza kujitia wenyewe katika maangamizi, na kukimbizana usiku kati ya malori ni kujiangamiza, kofia iwepo au isiwepo.

Kabla ya kurudi tulikwenda Rusumo. Mto Kagera hapo hubanwa na miamba ukaanguka kwa kishindo, na nchi tatu, Tanzania, Rwanda na Burundi, zimejenga kituo cha umeme cha megawati 80 wakigawana. Tulisimama na vijana wetu tukiyatazama maji, na malori yakipanga foleni mpakani. Mmoja akasema, “Ustadhi, maji haya hayakuzuiwa. Yameoneshwa pa kupita.” Hatukuwa na la kuongeza.

Tulilala Ngara kwa kuwa tulikataa kusafiri usiku, na Jumapili tukarejea. Taarifa yetu kwa kamati ilikuwa ya kurasa mbili, nayo safari hii iliwekwa kuwa ajenda ya kwanza. Hatukuafikiana wote. Mzee wetu mmoja, tunayemheshimu, alisema msikiti haukujengwa kwa ajili ya pikipiki, na bado anasema hivyo. Lakini wengi waliridhia masharti haya: tuione serikali ya kijiji na afisa michezo wa wilaya, klabu iandikishwe kwa taratibu za Baraza la Michezo la Taifa, polisi wa usalama barabarani waalikwe kufundisha, mzazi na mwenye pikipiki watie saini, na yeyote atakayeonekana akikimbizana barabarani asikanyage kiwanjani kwa miezi mitatu. Muumini mmoja ametoa shamba lake kwa kipindi cha baada ya mavuno. Viroba vya pumba vimeanza kufika.

Enyi wazazi, tunawaomba jambo moja. Kijana akija na ombi ambalo kwenu ni la kitoto, msiliweke chini ya “Mengineyo”. Huenda anaomba aokolewe, ila hajui kulisema kwa lugha ya wakubwa. Muulizeni kofia yake iko wapi, breki yake ikoje, na usiku hupita njia gani.

Ile barua ya kwanza tumeihifadhi kwenye jalada la kamati, na saini ya marehemu ikiwa ya tatu kutoka juu. Mwenyezi Mungu amrehemu, amsamehe yeye na sisi tuliochelewa, ampe mama yake subira, na awahifadhi vijana wetu katika kila njia wanayopita. Amin.