Kijiko changu na hela ya soda



Kila nikiwa harusini mtu akaniuliza kazi yangu, nikasema naendesha kijiko, lazima atokee mmoja wa kusema kijiko cha chai au cha supu. Tunacheka, halafu wanaanza maswali: unavaa nini, unasali wapi, wanaume hawakusumbui? Leo nijibu pamoja.

Nimo kwenye shimo la mchanga, kaskazini ya Unguja, huu mwaka wa sita. Mtambo wangu una matairi manne yanayonifika kifuani, na mbele una bakuli la chuma linalobeba kama mita mbili za ujazo. Ukikata usukani matairi hayapindi, mtambo wote ndio unaojikunja katikati kama mtu anayepinda kiuno. Mtambo tunauita kijiko, na mzigo pia tunauhesabu kwa vijiko. Gari ya kawaida hapa kwetu inakula vijiko vitatu.

Watu wanadhani kazi hii ni nguvu. Haitaki nguvu, inataka subira. Unaingia kwenye lundo taratibu, bakuli limelala sawa na ardhi, na likishauma tu unaanza kulinyanyua huku unasonga mbele. Ukichelewa, matairi yanazunguka bure na mchanga unayala. Ukirudi nyuma bakuli liko chini, kama futi moja na nusu kutoka ardhini, maana ukilibeba juu njia nzima mtambo unaweza kupinduka. Ukifika kwenye gari hulipitishi juu ya kichwa cha dereva hata kama yeye mwenyewe anakuashiria upite.

Ninachokiogopa ni ukuta wa mchanga. Ukichimbwa chini, juu unabaki umesimama kama hauna habari, kisha unaporomoka wote kwa mara moja bila kutoa sauti. Vijana wa mabeleshi wanapenda kukaa chini yake kwa ajili ya kivuli. Mie nikimuona mtu pale nazima kazi, napiga honi mpaka aondoke. Wananiita mama wa honi. Sawa tu.

Mavazi: suruali pana, dera fupi juu yake, fulana ya kung'ara, na mtandio nauchomekea wote ndani ya ukosi kabla sijavaa kofia ngumu. Ncha inayoning'inia haifai karibu na feni ya injini. Sala: kuna banda, kuna mswala, maji nabeba kwenye galoni kutoka nyumbani. Wenzangu wananitania kuwa nimezungukwa na mchanga wa kutayamamia mpaka siku ya Kiyama, nami nawajibu kuwa mwenye galoni la maji hana ruhusa hiyo. Ramadhani ni ngumu, nisiwadanganye. Mtambo wangu hauna kiyoyozi, na ule mtikisiko wa kutwa nzima unaingia kiunoni. Naingia zamu ya alfajiri mwezi mzima.

Wanaume? Walinisumbua, lakini si kwa namna mnayoifikiria.

Hapa kwetu mchanga unalipiwa kwa safari. Gari inapewa tiketi, inaingia shimoni, inapakiwa, inatoka. Hakuna mizani ya kupima uzito. Mizani ni jicho la mwenye kijiko na mkono wake. Bakuli likijazwa kwa kilemba ni kitu kimoja, likitikiswa kidogo kabla ya kumwagwa ni kitu chengine, na aliye nje haoni tofauti. Siku zangu za mwanzo nilishangaa kila dereva akija anashusha kioo, ananyoosha mkono na noti iliyokunjwa. Hela ya soda. Niliambiwa ndio ada ya pale: mwenye soda anapata kilemba, asiye na soda anatikisiwa.

Nilikataa. Madereva walinuna. Mmoja, mtu mzima, rika la baba yangu, alikuja kwa upole: "Mwanangu, hii ni zawadi, kukataa zawadi ni kiburi." Neno hilo liliniingia, maana kweli sikulelewa kukataa mkono wa mtu mzima. Nikalipeleka darsani kwa ustadhati wetu. Akatukumbusha kisa cha Ibn Lutbiyya, yule aliyetumwa na Mtume (S.A.W.) kukusanya zaka, akarudi akagawa mafungu mawili: hili lenu, hili nimepewa mie zawadi. Akaulizwa kama angekaa nyumbani kwa wazazi wake zawadi hizo zingemfuata huko. Basi nami nikajiuliza: ningekuwa nimekaa kwa mama yangu, nani angekuja na noti kunipa?

Tena kuna sura nzima, Al-Mutaffifin, inayowaonya wanaojipimia kamili na kuwapunguzia wenzao. Tangu utotoni nikiisoma namuwaza muuza mchele na pishi yake. Sikuwaza bakuli la mtambo.

Kukataa kuligharimu. Madereva wakawa hawapangi foleni kwangu, wanasubiri mtambo wa pili hata saa nzima. Msimamizi akaona hesabu yangu ya safari ndogo, akaniondolea saa za ziada miezi mitatu. Nyumbani tulikuwa tunalipa ada za skuli na tunaezeka. Mume wangu hakunilaumu, ila usiku mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama nina hakika. Nikamwambia sina hakika na mshahara, hela ile ninayo hakika nayo.

Kilichosaidia ni kopo la rangi. Nilimuomba msimamizi tupige mstari ndani ya bodi ya kila gari, kufuatana na ujazo wake, na mchanga usawazishwe mpaka hapo, kwa mwenye soda na asiye nayo. Alikataa mara mbili. Akakubali gari moja ilipopasua tairi kwenye mteremko kwa kuzidishiwa mzigo, na utingo akavunjika mguu. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina karibu tani 1.6, ulioloa kabisa unakaribia tani 2. Kwa gari ya mita sita tofauti ni zaidi ya tani mbili, na hapo hujaweka kile kilemba. Soda ile ilikuwa inavunja watu miguu.

Lakini mstari wenyewe haumalizi mambo, na hapa nyinyi mnaojenga nisikilizeni. Mchanga una tabia ya ajabu. Ukipata unyevu kidogo tu, ule wa baada ya manyunyu, maji yanazitenganisha chembe na mchanga unavimba. Unaweza kuongezeka hata kwa robo. Yaani gari inafika kwenye mstari, tiketi ni ile ile, lakini aliyenunua gari tano amepata mchanga wa gari nne. Ukiloa kabisa, unashuka tena kama ulivyokuwa mkavu. Nilimuomba msimamizi tuongeze nusu kijiko siku za manyunyu. Akaniambia hii ni biashara, si skuli. Mpaka leo hajakubali, nami sina idhini ya kuongeza mali isiyokuwa yangu.

Kwa hiyo pimeni wenyewe. Chukua chupa ya kioo, tia mchanga kama ulivyoshuka garini hadi theluthi mbili bila kuushindilia, weka alama. Tia maji mpaka uzame, koroga, uache utulie, tazama umeshuka kiasi gani. Ukishuka sana, agiza zaidi au subiri siku kavu. Utaona pia tabaka laini la udongo limekaa juu. Likiwa nene, mchanga huo usiutie kwenye zege. Na yule anayekuletea mchanga wa pwani usiku kwa bei ya chini, mrudishe. Kuuchota hakuruhusiwi, na chumvi yake inakula nondo zako ndani ya ukuta.

Maana mchanga huu si mwingi, shoga zangu. Upande wa mashariki wa kisiwa ni jiwe tupu, uwanda, na mchanga wa kujengea unatoka kwenye mashamba yetu ya huku. Nikichota nakutana na mizizi ya minazi. Shimo likiisha linabaki shimo. Sipendi kuliangalia, na kazi yangu ndiyo hiyo.

Wiki iliyopita yule dereva mtu mzima alikuja na bodi yake kaiongeza ubao juu, na mstari kaupandisha kwa rangi ile ile. Nilishuka na futi kamba. "Shikamoo baba, naomba tupime." Tukapima, nikaupaka upya pale pale pa zamani, akaondoka hajaniaga. Jana karudi, kioo kimeshuka, mkono umenyooka. Nikajua yale yale. Kumbe embe dodo mbili. Nikamuuliza, "Baba, ningekuwa nimekaa kwa mama yangu ungeniletea?" Akacheka mpaka akakohoa. "Si zangu. Za mke wangu. Ule mchanga wa juzi ulikuwa wa dada yake, anajenga Mahonda."

Sikujua niseme nini. Nikazipeleka bandani, nikaazima kisu kwa karani wa tiketi, tukazila watu saba, na yeye dereva akiwemo.