Hedifoni na Chumba cha Pili

Wanafunzi wangu wapenzi, Kiswahili kimejaliwa maneno mengi ya usingizi. Kuna kusinzia, ambako kichwa huinama na kuinuka kama cha abiria wa basi la usiku. Kuna mang'amung'amu, hali ya mtu ambaye hayuko macho wala hajalala. Kuna usingizi wa pono, samaki ambaye watu wa pwani wamemfanya mfano wa kulala kupita kiasi. Na kuna lepe, neno ambalo hupenda kukaa pamoja na ukanushi: sikupata hata lepe la usingizi. Maneno hayo nimeyafundisha hapa Jinja kwa miaka mingi. Hilo la mwisho nililielewa baadaye, kwa kulikosa.

Mwezi Machi 2020 shule za Uganda zilifungwa kwa sababu ya korona, na madarasa yote hayakufunguliwa tena hadi tarehe 10 Januari 2022. Nilikuwa mwalimu wa shule ya binafsi. Mshahara ulikatika, nikauza mkaa barazani, na usiku nikawa nahesabu madeni. Saa nane usiku ndiyo iliyokuwa saa yangu ya mahesabu. Nilidhani shule zikifunguliwa nitalala. Zilifunguliwa, mshahara ukarudi, madeni yakaanza kupungua, nami nikaendelea kuamka saa nane ileile kana kwamba nimeajiriwa kuamka.

Baadaye nilisoma maelezo ya mwanasaikolojia Mmarekani Arthur Spielman, aliyeandika mwaka 1987 kwamba kinachomwanzishia mtu kukosa usingizi sicho lazima kinachomwendelezea. Balaa huja likapita, lakini mtu hubaki na mazoea aliyojijengea wakati wa balaa: kuingia kitandani mapema mno ili kufidia, kulala mchana, kukodolea dari macho mpaka kitanda chenyewe kikawa mahali pa kukesha. Nilijiona katika kila neno.

Majuma mawili baada ya shule kufunguliwa, baa nazo ziliruhusiwa kufunguliwa nchini kote. Iliyo nyuma ya nyumba yetu ilinunua spika mpya. Nasema haya ili mjue kwamba siwezi kuisingizia baa peke yake. Ilinikuta tayari niko macho.

Aliyeniletea dawa ni kijana niliyemfundisha zamani, ambaye sasa hutengeneza simu mjini. Alinipa hedifoni na rekodi ya saa nane. "Mwalimu," aliniambia, "hii inashusha mawimbi ya ubongo. Ukiivaa, saa sita haitakukuta macho."

Mawimbi ya ubongo yenyewe si uzushi. Daktari Mjerumani Hans Berger, aliyefanya kazi katika mji wa Jena, alinasa umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924, akachapisha matokeo yake mwaka 1929. Leo tunajua kwamba ubongo wa mtu mwenye shughuli hutoa mawimbi ya haraka, zaidi ya 13 kwa sekunde. Mtu akitulia na kufumba macho, hushuka hadi kati ya 8 na 13. Katika usingizi mzito kabisa mawimbi huwa makubwa na ya polepole, chini ya 4 kwa sekunde, nayo huitwa delta.

Rekodi niliyopewa ilitumia ujanja ambao mwanafizikia Heinrich Wilhelm Dove aliugundua katika karne ya 19. Sikio la kushoto hupewa sauti ya mitetemo, tuseme, 200 kwa sekunde, na la kulia 203. Hakuna sikio hata moja lililopewa mdundo, lakini mtu husikia mdundo wa mara 3 kwa sekunde, kwa kuwa sauti hizo mbili hukutana ndani ya kichwa, katika shina la ubongo. Ndiyo maana hedifoni ni lazima: kila sikio sharti lipate sauti yake. Mwaka 1973 Gerald Oster aliandika juu ya midundo hiyo katika jarida la Scientific American, na wafanyabiashara wakaona mlango. Wakadai kwamba ubongo, ukisikia mdundo wa 3, nao utaanza kwenda kwa 3, na mtu atalala. Hapo pana mruko. Kuusikia mdundo ni jambo moja, kuufuata ni jingine. Majaribio yaliyofanywa hayakubaliani. Mengine yameona badiliko dogo, mengine hayakuona kitu.

Mimi sikuyajua hayo wakati huo. Nilivaa nikalala. Usiku wa kwanza nililala saa nne mfululizo, na kufikia mwisho wa juma saa sita. Darasani niliacha kuwafokea watoto. Mwalimu mwenzangu aliniuliza kama nimeoa mke wa pili.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimechelewa kulisema. Mama yangu alikuwa akiishi nami, katika chumba cha pili. Ni mzee wa Walukuba, mtaa uliojengewa wafanyakazi wa viwanda wa kila kabila, naye alikitwaa Kiswahili kwa majirani akakitumia hadi leo. Miguu yake ilikuwa imeanza kumsaliti. Usiku mmoja, yapata saa nane, aliamka kwenda msalani, akateleza mlangoni. Aliniita. Ukuta kati yetu ni wa tofali moja. Nikikohoa yeye husikia. Lakini mimi nilikuwa katika delta yangu ya kununuliwa, masikio yameshonwa. Nilimkuta saa kumi na moja alfajiri, amekaa sakafuni ameegemea mlango, kifundo cha mkono kimevunjika na khanga ameifunga mkononi kwa meno.

Hakunilaumu. Alisema tu, "Nilidhani umesafiri, mwanangu."

Nimetafuta namna ya kulipamba neno hilo kwa ajili ya somo hili, nikashindwa.

Usiku uliofuata niliiweka rekodi ileile mezani, ikacheza kwa sauti ya chini kwenye spika ya simu. Kwa ujanja wa Dove hiyo ni sawa na kuuharibu, maana sauti mbili zinachanganyika hewani kabla hazijafika masikioni. Ajabu ni kwamba nilisinzia kama kawaida, mpaka baa ilipopandisha muziki. Nilikaa kitandani nikacheka peke yangu. Kumbe kilichokuwa kikinilaza zaidi si mawimbi. Ilikuwa ile saa maalumu ya kuzima taa, kuacha kuhesabu madeni, na kuziba kelele. Mawili ya kwanza ningeweza kuyapata bila kuvaa chochote. La tatu halikuwa langu peke yangu kulitatua.

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nimeitibu kelele ya mtaa mzima ndani ya masikio yangu mawili. Nami ndiye niliyewafundisha nyinyi kwamba Ibara ya 39 ya Katiba yetu ya 1995 inampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya! Mwaka 2003 zilitolewa kanuni za kelele, ambazo ziliweka kiwango cha chini zaidi usiku kuliko mchana katika makazi ya watu. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 1999 kwamba kelele ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 30, ambayo ni kama mtu anayenong'ona. Spika ya baa ilikuwa ikitikisa vikombe kabatini.

Nilikwenda kwanza kwa mwenye baa. Ni mama wa watoto wanne, naye alikaa bila riziki karibu miaka miwili, kama mimi. Alinisikiliza kwa heshima, wala hakubadili kitu. Nikaenda kwa mwenyekiti wa LC1. Nilidhani nitakuwa peke yangu. Tulikuwa kumi na mmoja, akiwamo jirani mwenye mtoto mchanga ambaye hakuwahi kuniambia neno. Tuliketi mara tatu. Kikao cha pili kilikuwa cha kutukanana tu. Tulichokipata ni hiki: spika igeuzwe kuelekea barabarani, na siku za kazi muziki ushushwe saa nne usiku. Ijumaa na Jumamosi bado ni vita.

Kwa upande wangu nilifuata njia ambayo Chuo cha Madaktari wa Marekani kilipendekeza mwaka 2016 kama tiba ya kwanza ya kukosa usingizi kwa muda mrefu, kabla ya vidonge: kubadili mazoea na fikra. Sehemu yake moja, iliyobuniwa na Richard Bootzin mwaka 1972, ni rahisi kuieleza na ngumu kuitenda. Usipopata usingizi, ondoka kitandani, kakae kwingine, urudi ukianza kusinzia. Na asubuhi uamke saa ileile, hata kama umelala kidogo. Majuma mawili ya mwanzo yalikuwa mabaya kuliko kabla ya hedifoni. Nilisahihisha insha zenu nikiwa katika mang'amung'amu, na baadhi yenu mlipata alama msizostahili. Simdai mtu kuzirudisha.

Hedifoni zimo kabatini. Huzivaa mchana ninaposikiliza habari. Kati ya chumba changu na cha mama tumeondoa mlango, tumetundika pazia.

Juzi saa tisa usiku aliniita. Nilisikia mara ya kwanza. Alitaka kujua kama ile ni mvua, maana nguo zilikuwa bado kambani. Ilikuwa mvua. Nikatoka kwenda kuzianua.