Mawe na Vitabu vya Wamaya

Qur'ani Tukufu yatuhimiza tusafiri katika ardhi, tuzingatie hatima ya waliotutangulia. Safari yetu ya Yucatán, rasi iliyo kusini-mashariki mwa Meksiko, ilitupa mazingatio tele.

Nchi ile ni tambarare ya mawe ya chokaa. Upande wa kaskazini hauna mito juu ya ardhi. Maji ya mvua hupenya miambani, na pale mwamba uporomokapo hufunguka kisima kikubwa kiitwacho cenote. Kandokando ya visima hivyo Wamaya walijenga miji yao. Jina la Chichén Itzá lenyewe lina maana ya kinywa cha kisima cha Waitza. Piramidi yake kuu ina vipandio 91 katika kila upande wa pande zake nne. Ukiongeza kile cha kileleni wapata 365, idadi ya siku za mwaka. Wamaya waliijua sufuri, na mwendo wa Zuhura waliuandika kwa herufi zao wenyewe.

Kutoka hapo tulielekea magharibi hadi Izamal, mji uliopakwa rangi ya manjano. Watawa wa Kihispania walijenga makao yao juu ya jukwaa la hekalu la Wamaya, kwa mawe ya hekalu lilo hilo. Mérida nao uliasisiwa mwaka 1542 juu ya mji wa Kimaya wa T'hó. Kanisa lake kuu, lililojengwa kwa mawe ya majengo ya wenyeji, lilikamilika mwaka 1598, miaka mitano tu baada ya Wareno kuanza kujenga ngome yao Mombasa.

Nyumba za kale za Mérida hazikutuwia ngeni: nje ukuta mtupu na mlango mzito, ndani ua wenye kivuli. Wahispania waliishi na Waislamu wa Andalusia kwa karne nyingi, na Granada ilianguka mwaka 1492, mwaka ule ule Columbus alipovuka bahari. Hata birika la maji huliita aljibe, neno lenye asili ya Kiarabu.

Lakini lililotuhuzunisha zaidi halikuwa la mawe. Katika mji wa Maní, mwezi Julai 1562, mtawa Diego de Landa aliamuru vitabu vya Wamaya vichomwe moto hadharani. Vilivyobaki ulimwenguni leo vyajulikana vinne tu, na vitatu kati yake vimo Dresden, Paris na Madrid. Kilichonusurika nyumbani ni lugha. Kimaya kingali kikisemwa na mamia ya maelfu ya watu, kwa kuwa kina mama hawakuacha kuwasemesha watoto wao.

Nasi tuna la kujiuliza. Katika nyumba za Lamu, Pate na Mombasa mna miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu: tenzi, nyaraka na dua za mababu. Hiyo hakuna aliyeitia moto. Yaliwa na mchwa sandukuni, na wajukuu hawajui kuisoma. Wamaya walinyang'anywa vyao kwa nguvu. Vyetu vikipotea, tutamlaumu nani? Basi mwenye mswada na aufungue wiki hii, aufute vumbi, na amwite mzee ajuaye kuusoma, watoto wakiwa wameketi wakisikiliza.