Nani Aitwe Muongo?

Siku hizi tunaitana waongo kwa urahisi mno. Mtu akikosea tarehe, muongo. Akitaja idadi isiyolingana na ya mwenzake, muongo. Kwangu mimi muongo ni yule anayeujua ukweli, kisha akauacha kusudi na kusema jambo jingine. Aliyekosea amekosea tu, na anastahili kusahihishwa kwa heshima.

Nasema haya kwa ajili ya Ombaci, nje kidogo ya mji wa Arua, katika eneo la West Nile nchini Uganda. Tarehe 24 Juni 1981 askari wa UNLA, jeshi la serikali ya Rais Milton Obote, waliwamiminia risasi raia waliokuwa wamejihifadhi kwenye misheni ya Wakatoliki. Hesabu ya waliokufa haijawahi kuwa moja. Wapo wanaosema zaidi ya 50, wapo wanaokaribia 100.

Nilimsikia mama mmoja akisimulia jinsi alivyolala kifudifudi, mwanawe kamfunika kwa kifua. Alipotaja idadi ya maiti, kijana akamkatiza, simu mkononi: “Mama, huo uongo. Hapa wameandika vingine.” Mama akavuta kitenge chake mabegani, akanyamaza. Hakuendelea tena.

Liliniuma sana. Aliyelala chini ya risasi hahesabu maiti. Hutaja alichoambiwa baadaye na waliozika. Angeambiwa, “Mama, wengine wanataja idadi nyingine, wewe ulisikia kwa nani?” angeendelea kusema, na tungepata tusichokijua. Mashahidi wa siku ile wanazeeka, na hatuna wengine wa kuwauliza.

Uongo unaonikasirisha mimi ni mwingine kabisa. Rais Idi Amin alipong’olewa mwaka 1979, watu wote wa West Nile waliitwa watu wa Amin, eti kwa kuwa kwao Amin ni Koboko, katika eneo hilohilo. Raia wa mbali aliyeamini hivyo alipotoshwa, simwiti muongo. Lakini waliokuwa karibu na madaraka walijua habari za Michael Ondoga, Mlugbara, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Amin: aliuawa mwaka 1974, mwili wake ukakutwa katika Mto Nile. Walijua Amin aliwaua hata watu wa West Nile. Aliyeyajua hayo na bado akaendelea kuwahukumu Walugbara, Wakakwa na Wamadi kwa jina la mtu mmoja, huyo namwita muongo bila kusita. Maelfu walivuka mpaka kwenda Zaire na Sudan wakiwa wamebeba jina hilo.