Kitambulisho cha Mwaitu

Mtoto anaweza kumponza mamake bila kumchukulia hata senti moja. Mimi nilifanya hivyo.

Mama yangu ni mzaliwa wa Kitui aliyeolewa Makueni. Kama wengi wa rika lake, alipokuwa msichana hakuwa na kitambulisho, kwani wanawake wa Kenya walianza kuandikishwa baada ya sheria kubadilishwa mwaka wa 1978. Alipokipata chake alikithamini mno. Hadi leo hukifunga katika pindo la leso pamoja na pesa za sukari.

Alipolazwa hospitalini, niliwaomba mchango jamaa zetu wa Nairobi na Mombasa kupitia WhatsApp. Ili wasishuku, nikakipiga picha kitambulisho chake, mbele na nyuma, nikaisambaza. Mchango ukapatikana, mama akapona, nami nikasahau.

Miezi minne baadaye alinipigia simu, sauti ikitetemeka. Mtu asiyemjua alikuwa akimdai mkopo ambao hakuukopa. Mama huyu, ambaye hajawahi kuazima hata kibaba cha mahindi asikirudishe, alitukanwa kuwa mlaghai!

Nilisafiri usiku huo huo. Tulipopiga *106# tuliona laini tusiyoijua imesajiliwa kwa nambari ya kitambulisho chake. Tuliripoti kwa polisi, tukapewa nambari ya OB, kisha tukaomba laini hiyo ifungwe. Deni lilichukua wiki nyingi kufutwa. Siwezi kuapa kwamba picha yangu ndiyo iliyotumiwa, lakini nilijua ni nani aliyeuacha mlango wazi.

"Mwaitu, ni mimi," nikamwambia.

Akanyamaza kwa muda. "Babu yako alilazimishwa na Mzungu kuvaa kipande shingoni," akasema. "Changu umekitundika sokoni kwa hiari yako."

Ndugu msomaji, masaibu haya si ya mama yangu pekee. Mnamo Juni 2021 Wakenya wengi waligundua kuwa wameandikishwa katika vyama vya siasa bila kuulizwa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inakuruhusu kulalamika kwa Kamishna wa Data nambari yako ikitumiwa vibaya. Hata hivyo, kinga ni bora kuliko tiba.

Usisambaze picha ya kitambulisho, hata kwa jamaa. Ukilazimika kutoa nakala, andika juu yake tarehe na kazi iliyokusudiwa. Kikipotea, ripoti siku hiyo hiyo.

Nawe mwanafunzi unayeijua simu kuliko wazazi wako, leo baada ya chakula cha mchana keti na mama, mpige *106# pamoja. Mimi nilichelewa, na majuto ni mjukuu.