Mbegu Kumi na Mbili za Mama



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (S.A.W.), twaomba ruhusa kwa akina mama, dada zetu na wenye nyumba wote, tuwasimulie habari ya maboga. Ni jambo dogo, na huenda wengi wenu mwalijua kuliko sisi. Hata hivyo sisi limetuchukua karibu mwaka mzima kulijua, na gharama yake haikuwa ya fedha peke yake.

Tu ndugu wawili wa kike, wa tumbo moja, tunaoishi pamoja na watoto wetu katika nyumba aliyotuachia marehemu mama yetu huku Likoni. Mama alitangulia mbele ya haki katika mwezi wa Shaaban, Ramadhani ikiwa mlangoni. Waliomjua wanakumbuka kwamba kwake yeye futari ilikuwa boga la nazi. Tambi, mihogo, ndizi na viazi vitamu vilikuja baadaye kama wageni. Na maboga yenyewe hayakuwa ya sokoni. Aliyapanda uani kwa mkono wake, kwa mbegu alizotoka nazo shambani kwa babu, Kwale: boga dogo la bapa, ganda la kijani lenye mabaka meupe, nyama ya rangi ya chungwa iliyo kavu, ambayo ikipikwa huwa ungaunga kama kiazi. Shamba lile liliuzwa zamani. Ramadhani ile tulifuturu bila boga, na hakuna aliyethubutu kulitaja.

Baada ya arubaini tulifungua chumba chake. Hapo ndipo tulipokosana. Mmoja wetu alitaka chumba kipangishwe ili karo za watoto zipate pa kutokea. Mwenzake alitaka kibaki kama kilivyo, japo kwa mwaka mmoja. Yalisemwa maneno ambayo hayakufaa kusemwa chumbani mwa marehemu. Ndani ya kabati, katika kopo la maziwa ya unga, tulikuta karatasi ya gazeti iliyokunjwa, na ndani yake mbegu za boga. Tulizihesabu: kumi na mbili. Chumba kikafungwa tena. Tangu siku hiyo kila mmoja alipika chungu chake, jiko moja vyungu viwili, na mazungumzo yetu yakawa ya chumvi na gesi tu. Lakini kwa mbegu zile hatukuhitilafiana. Zikipotea, boga la mama limepotea. Tukaamua kuzipanda, na kuzitunza kwa zamu.

Mara ya kwanza tulipanda nne, mvua za masika zilipoanza. Tulichimba shimo, tukalijaza samadi ya mbuzi iliyotoka bandani siku hiyo hiyo, tukazika mbegu. Mwenye zamu ya asubuhi alimwagilia maji. Mwenye zamu ya jioni, asiyeambiwa kitu, alimwagilia tena. Na mvua ya usiku ikaongeza yake. Mbegu mbili zilioza. Mbili zilizoota ziligeuka manjano zikafa kwa ukali wa samadi mbichi. Kila mmoja wetu alikuwa na yakini kwamba kosa ni la mwenzake.

Mara ya pili, mwishoni mwa Juni, tulipanda nne nyingine, safari hii baada ya kuwauliza wanaolima. Shimo liwe na upana wa sentimita 60 na kina kama hicho. Lijazwe udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyokaa miezi kadhaa hata ikawa nyeusi, isiyo na harufu. Udongo uinuliwe kidogo mfano wa tuta ili maji yasisimame. Mbegu ifukiwe sentimita 2 au 3 tu. Kutoka shimo hadi shimo pawe na mita 2, kwa kuwa boga ni mtambaaji na halipendi kubanwa. Kisha kandokando ya mche patandazwe majani makavu na makumbi ya nazi, ili udongo usikauke upesi kwa jua letu.

Palibaki swali la maji. Kisima chetu ni cha chumvi, na maji yake yaliunguza kingo za majani. Maji matamu twayanunua kwa mtungi kutoka kwa wenye mikokoteni, na aliyeyanunua hawezi kuyamwaga ardhini moyo ukatulia. Basi tuliweka beseni mahali pa kutilia udhu. Nyumba yetu ina watu saba. Kwa swala tano, maji yaliyokusanyika yalitosha mashimo yote, na maji ya kuoshea mchele yakawa nyongeza. Maji yenye sabuni tuliyaacha kwa kuoshea sakafu. Jambo hili twalipendekeza kwa kila nyumba, hata isiyo na boga: ni vyema kuanza kwa kuangalia ni maji gani safi yanayopotea kila siku kabla ya kulalamikia bei ya mtungi.

Miche mitatu ilistawi. Katikati ya Agosti ua wetu ulijaa maua ya manjano, na watoto wakaanza kugawana maboga ambayo hayajakuwako. Yakaja yale madogo, ukubwa wa ndimu. Yalikaa siku mbili tatu, yakageuka manjano, yakaanguka. Tuliokota tisa. Tulidhani ni wadudu, tukazidisha dawa ya kupuliza, ile ile tuliyokuwa tukiipuliza uani kila jioni kwa ajili ya mbu. Kufikia mwisho wa Septemba majani yalikuwa yamefunikwa na vumbi jeupe mfano wa unga, na miche ikanyauka. Zilibaki mbegu nne.

Jioni moja bi mkubwa jirani yetu, ambaye alikuwa rafiki wa mama tangu ujana wao, alikuja kurudisha sahani. Alitukuta uani, mmoja huku na mwenzake kule, tukizing'oa zile nyuzi zilizokauka. Akaokota kiboga kimoja kilichosinyaa, akakigeuza mkononi.

“Wanangu,” akauliza, “mama yenu asubuhi alikuwa akifanya nini hapa?”

Mmoja wetu akajibu kwamba mama alikuwa akitoka baada ya swala ya Alfajiri akichuma maua. Yeye alidhani anayapunguza tu. Mwenzake akasema hakuwahi kumwona, maana alikuwa akirudi kulala. Ila alikuwa akimsikia dirishani akizungumza peke yake: huyu dume, huyu jike.

Bi mkubwa alicheka mpaka akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi. “Elimu yote mlikuwa nayo humu ndani,” akasema. “Nusu kwa huyu, nusu kwa huyu.”

Akatueleza. Boga hutoa maua ya namna mbili katika mche mmoja. Ua dume hutangulia kwa siku kadhaa, nalo husimama juu ya kikonyo kirefu chembamba. Ua jike huja baadaye, na chini yake huwa na kiboga kidogo tayari. Hicho kiboga si boga bado. Chavua ya dume isipomfikia jike, kitaanguka, hata ukimwagilia maji ya Zamzam. Wenye kazi ya kuichukua ni nyuki na wadudu wengine, na muda wao ni mfupi, kwani maua hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri. Kisha akavuta pumzi uani mwetu na kuuliza, “Na nyuki mmewapeleka wapi?” Hatukuwa na jibu. Kopo la dawa lilikuwa dirishani.

Usiku ule tulikaa jikoni baada ya Isha kwa mara ya kwanza tangu arubaini. Tulikumbushana mambo ya mama: alivyokataza kupuliza dawa nje ya vyumba, alivyochoma kumbi jioni kufukuza mbu, alivyomwaga maji shinani bila kulowesha majani. Kila mmoja alikuwa na vipande ambavyo mwenzake hana. Miezi sita tulivilalia, kila mtu chumbani mwake, na mbegu nane zikapotea.

Nne za mwisho tulizipanda mwanzoni mwa Novemba, baada ya mvua za kwanza za vuli. Mmoja alitaka tubakishe mbili kwa tahadhari. Tulishauriana, tukaona ni heri kuzitia zote tukiwa bado twakumbuka tulichofundishwa. Dawa ya kupuliza tuliiacha, tukarudia vyandarua. Mwishoni mwa Desemba, mwezi wa Rajab umeandama, ua jike la kwanza lilifunguka. Tulitoka sote wawili baada ya Alfajiri. Tulichuma ua dume lililofunguka asubuhi ile, tukaondoa petali zake hata ikabaki ile ncha yenye unga wa manjano. Mmoja alishika ua jike asiliharibu, mwenzake akapaka unga ule taratibu katikati yake. Yaweza kufanywa na mtu mmoja, lakini kwa mikono minne ni rahisi zaidi. Tulifanya hivyo asubuhi nyingi, na mtu akiwa amesimama alfajiri karibu na mwenziwe hivyo, ni vigumu kuendelea kumnunia.

Maboga matano yalishika. Moja lilidungwa na nzi wa matunda likaoza. Tulilifunga ndani ya mfuko, tukauacha juani mpaka mabuu yakafa, kwa kuwa boga lililooza likiachwa chini huzaa nzi wengine. Manne yaliyosalia tuliyavika vitambaa vya kanga kuukuu mpaka ganda likakomaa. Katikati ya Februari, Shaaban ikielekea ukingoni, tuliyavuna.

Ili wenzetu wasirudie makosa yetu, twaongeza haya. Boga huwa limekomaa kikonyo kinapokuwa kikavu mfano wa kijiti na ukucha usipoweza kutoboa ganda. Likatwe kwa kisu, likiachiwa kikonyo cha vidole vitatu, wala lisibebwe kwa kikonyo hicho, maana kikikatika, uozo huingilia hapo. Liwekwe juu ya mkeka au ubao pakavu penye hewa, si juu ya saruji; hivyo litakaa miezi. Majani machanga ni mboga nzuri ya nazi, baada ya kumenya nyuzi za vikonyo, lakini yachumwe machache kila mche. Boga au mung'unye ukionja ukaona ni chungu kama shubiri, usiuonee huruma, utupe. Uchungu ule una sumu inayodhuru tumbo. Na rangi ya chungwa ya nyama yake ni dalili ya karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, basi wapeni watoto.

Upishi wa mama ulikuwa huu. Vipande vya boga huchemshwa kwa tui la pili, chumvi kidogo na iliki, bila maji mengi, kwa kuwa boga lina maji yake. Likilainika, hutiwa kasimile na sukari kidogo, chungu kikaachwa wazi, moto mdogo, na mwiko ukapitishwa polepole ili tui lisikatike.

Imepokewa kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba fundi mmoja wa kushona alimwalika Mtume (S.A.W.) kwa mkate wa shayiri na mchuzi wenye dubbaa, naye akamwona Mtume akikitafuta kitoweo hicho pembeni mwa sahani, tangu siku hiyo Anas akakipenda. Dubbaa ni mung'unye, na boga letu hili, ambalo asili yake ni bara la Amerika, ni binamu yake. Mama alikuwa akiisimulia habari hiyo kila mwaka akipakua. Mwaka huu tuliisimulia sisi, kwa zamu, watoto wakisikiliza, mbele ya chungu kimoja.

Boga moja tulimpelekea bi mkubwa jirani, na moja tukalitoa futari ya msikitini, thawabu zake zimfikie mama. Katika lile la mwisho tulitoa mbegu zaidi ya mia moja. Tulizioshea ungoni, tukazianika kivulini siku kumi mpaka zikawa zinavunjika zikikunjwa, tukazifunga katika gazeti, tukazirudisha ndani ya lile kopo la maziwa. Safari hii hatukuziweka zote mahali pamoja. Jirani ana zake, na jamaa zetu wa Kwale wana zao.

Habari ya chumba haijaisha. Bado mmoja anataka hili na mwenzake lile. Lakini sasa twaizungumza, tena jikoni, mmoja akikuna nazi na mwingine akimenya, na inshaallah itapata ufumbuzi kabla ya Idi. Tunawaomba ndugu zetu mtuombee dua, na mumwombee mama yetu rehema na makazi mema.

Wabillahi tawfiq.