Ngalawa: Kazi Iliyozaa Mchezo

Michezo mingi ilizaliwa kazini. Mashindano ya mitumbwi, yaliyoingizwa rasmi katika Michezo ya Olimpiki mjini Berlin mwaka 1936, yana asili yake katika vyombo vya kutafutia riziki: kayaki ya Wainuit wa nchi za barafu, iliyofunikwa kwa ngozi za sili, na mtumbwi wa magome ya miti wa wenyeji wa Marekani ya Kaskazini. Leo michezo hiyo ina kanuni, waamuzi na walimu wake.

Sisi watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki tunayo ngalawa. Mtumbwi wake huchongwa katika gogo, mara nyingi la mwembe, na matengo yake mawili huuzuia usipinduke. Mvuvi atanguliaye kufika pwani ndiye atanguliaye kuuza samaki. Kwa hiyo mbio zimo ndani ya kazi yenyewe.

Tutazamapo resi za ngalawa huko Unguja, tunaona elimu ikitenda kazi. Nahodha husoma upepo. Mmoja hushika demani. Mwingine hutambaa juu ya matengo, upande unakotoka upepo, ili uzito wake ukizuie chombo kisilale. Na mwingine hufua maji. Wanapobisha, kila mtu sharti aijue zamu yake na kuitii amri moja, maana wahenga walisema kwamba nahodha wengi, chombo huenda mrama.

Lakini yafaa tujihadhari. Boti za fibaglasi zenye injini zimeenea, na vijana wanaojifunza kuchonga mtumbwi au kushona tanga wanapungua. Kazi ikiisha, mchezo peke yake ndio utakaoweza kuihifadhi elimu hii. Nao hautaweza ikiwa tutauacha uwe tamasha la kuwafurahisha watalii tu.

Kwa hiyo shule zetu za pwani zingefaa kuwa na ngalawa zao. Mwanafunzi na ajue kwanza kuogelea, avae jaketi okozi, kisha afundishwe na wavuvi wazee. Mwalimu wa fizikia naye amweleze jinsi tanga linavyoweza, kwa kubisha, kukipeleka chombo mbele kwa mshazari hali upepo unatoka upande kiendako. Hapo mzee na mwalimu watakuwa wanafundisha somo moja, na ngalawa itapata warithi.